Kungoja Jembe la Mama Jonah

Mvua ya kupanda ilifika Kiptere mchana mmoja, watu wakiwa wamechoka kuitazamia. Ilitokea upande wa Kericho, ikavuka mashamba ya majani chai ikiwa nyeupe, ikapiga mabati ya watu mpaka redio zikazimwa kwa kuwa hazisikiki. Wachuma chai walirudi nyumbani wamelowa chapachapa, wakicheka kama watu waliotoka arusini. Kesho yake, umande haujakauka, kila shamba lilikuwa na mtu ameinama.

Boma moja tu lilikuwa kimya. Lilikuwa la marehemu mzee Ogada, Mjaluo aliyetoka kando ya ziwa zamani kufanya kazi ya majani chai, akanunua kishamba chake huku, akazikwa humo humo. Siku hizi lilikuwa na nyumba mbili. Ya juu, karibu na barabara, ilikuwa ya Jerusa, mama Jonah, mjane wa Okoth, mwana mkubwa wa mzee. Ya chini ilikuwa ya Owiti, mdogo wake Okoth, na mkewe Molly. Katikati palikuwa na ua wa michongoma, na katika ua huo pengo la kupita mtu mmoja.

Mashamba ya nyumba zote mbili yalikuwa yamelimwa. Mbolea ilikuwa tayari, mbegu zilikuwa tayari. Kilichokuwa kinangojwa ni jembe la Jerusa.

Hiyo ilikuwa desturi waliyokuja nayo kutoka ziwani. Mke wa mwana mkubwa hutangulia kupanda, hata kama ni mashimo machache tu, ndipo mke wa mdogo ashike mbegu. Mama mkwe alipokuwa hai, yeye ndiye aliyeanza kabla ya wote. Alipokwenda kwa Bwana, zamu ikawa ya Jerusa. Kanisani walikuwa wamehubiriwa kwamba mambo ya kuogopa laana yamekwisha, na wanawake wote wawili walijibu amina. Lakini hakuna msimu hata mmoja ambao Molly alitia punje ardhini kabla ya kusikia Jerusa akiita kutoka juu, "Haya, mimi nimeanza!"

Jerusa alikuwa mtu wa kanisa, na hapo hakuna wa kubisha. Ndiye aliyefagia kanisa Jumamosi, ndiye aliyeanzisha wimbo wengine wakiwa bado wanatafuta miwani. Kitu alichokuwa nacho moyoni mwaka huo alilijua jina lake, maana mara nyingi alikuwa amewaongoza wanawake wengine kukiombea. Lakini kukiombea kwa mwenzako ni rahisi. Kikiwa chako kinakaa kama mgeni aliyeambiwa karibu, akavua viatu.

Kilianza wakati wa jua kali, watu wakitayarisha ghala. Miezi ya njaa ilikuwa inakuja, ile ambayo mahindi mapya yako shambani yanapendeza macho tu, na mtu anakula alichoweka. Owiti akaja kwa Jerusa, akavua kofia.

"Shemeji, niazime nyundo ya marehemu."

"Ichukue. Iko nyuma ya mlango."

"Nikimaliza ghala letu nitapanda kuja kurekebisha lako. Naona limeinama."

"Limeinama tangu ndugu yako alale," Jerusa alisema. "Halijaanguka."

Akaichukua. Na kutwa nzima Jerusa akasikia nyundo ya mume wake ikigonga misumari ya nyumba nyingine. Alikuwa anaijua sauti yake. Owiti aliinua ghala juu ya miguu mirefu, akazungushia kila mguu bati la kuzuia panya, akaezeka upya. Jioni Molly akasimama chini yake, mikono kiunoni, akalizunguka akilitazama, halafu akampiga mume wake kofi la mgongo na wote wakacheka. Jerusa aliona yote hayo kwenye pengo la michongoma, akiwa ameshika magugu mkononi ili akionekana awe na kazi.

Kisha ghala likajazwa. Magunia ya mahindi. Maharagwe yaliyochanganywa na majivu. Majani ya kunde yaliyokaushwa juani, yakafungwa vizuri. Omena, dagaa wa ziwani, kutoka soko la Sondu ndani ya ndoo yenye kifuniko. Jerusa naye alikuwa na akiba yake, na ilikuwa inamtosha. Hakuwa na njaa, hakuwa na deni, hakuwa na ugonjwa. Angekuwa amepungukiwa, angejua la kumwomba Mungu. Sasa angeomba nini? Kwamba ghala la Molly liingie panya?

Hakuomba hivyo. Lakini alilifikiria wazo hilo kwa muda kabla ya kuliondoa.

Bado hayo yote angeyameza kama si Chepkosgei. Huyu alikuwa mama Mkipsigis wa mlima wa pili, rafiki wa Jerusa tangu wote wawili wakiwa na watoto mgongoni. Kila mwaka kabla ya mvua, Chepkosgei alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yake yaliyolala vizuri, yenye rangi ya mkaa. Alikaa jikoni kwa Jerusa mpaka jua lipinduke, wakasema habari za wote waliozaa na wote waliokufa, akarudi kwake na mbegu za Jerusa za mboga za kienyeji, saga na managu. Watu walisema managu ya mama Jonah haina mwenzake. Basi mwaka huo Jerusa alimwona Chepkosgei akija barabarani, kibuyu kwapani. Akakimbia kuweka maji ya chai motoni. Akapangusa stuli. Alipotoka nje kumpokea, akaona kitambaa cha kichwa cha Chepkosgei kikiingia mlango wa chini.

Akaenda kwenye michongoma.

"Molly, hii managu yako unaipatia nini?" Chepkosgei alikuwa anauliza kwa sauti yake kubwa. "Majani kama masikio ya ng'ombe!"

"Mavi ya mbuzi, mama. Na kuisalimia asubuhi."

"Heh! Mimi yangu naisalimia na bado imekauka kama mke wa chifu. Nipatie mbegu, basi. Na hii maziwa usiniwekee. Sikuibeba ya kurudi nayo."

Wakacheka. Walicheka sana, na kucheka kwa Chepkosgei Jerusa alikuwa anakujua kama sauti ya mlango wake mwenyewe. Wakati wa kurudi Chepkosgei alipita kwake kumsalimu kwa Kikipsigis, kibuyu kikining'inia kitupu.

"Jerusa! Chamgei!"

"Chamgei mising. Karibu, hata na kibuyu kitupu."

Chepkosgei akafikiri ni mzaha, akacheka tena. "Nitakuja siku nyingine nikae. Mawingu haya yananifukuza." Akaenda zake. Maji ya chai yakachemka mpaka yakaisha sufuriani.

Ndiyo sababu mvua iliponyesha, na Molly akaja kwenye pengo asubuhi na jembe begani, alimkuta Jerusa amekaa mlangoni anachambua mchele.

"Mama Jonah, umeamka?"

"Niliacha kuamka lini?"

"Mvua imeshuka vizuri, Bwana asifiwe."

"Nimeiona. Nina macho."

Molly akabadilisha jembe bega. "Nilisema nikusalimie tu. Nikajua labda leo utaanza."

"Leo mgongo umekataa. Tena mvua hii mimi siiamini. Ukipanda ikakimbia, utaita nani? Wacha ikomae."

"Ukitaka nije nikuchimbie mashimo. Wewe utie mbegu tu, inatosha."

"Molly. Mimi bado nina mikono."

"Sijasema hauna, mama."

"Basi."

"Sawa," Molly alisema. "Tutangoja." Akarudi polepole, na Jerusa akamwona anasimama mbele ya ndoo pale kibarazani kwake. Alikuwa ameloweka mbegu jana yake mvua ilipoanza, mbegu zake nzuri alizochagua suke kwa suke, akiamini kwamba leo zitakuwa ardhini. Akazitazama. Akafunika ndoo.

Jerusa mwenyewe hakuwa na nia ya kupoteza mvua. Alikuwa na akili. Alfajiri iliyofuata, kabla ya kuku kushuka, alichukua masuke yaliyokuwa yananing'inia juu ya moshi wa jiko, akayapukusa, akaenda nyuma ya jikoni. Huko palikuwa na kipande kizuri kuliko vyote vyake, kilichofichwa na migomba, na mtu wa nyumba ya chini hawezi kukiona hata akisimama juu ya stuli. Akachimba. Akatia mbolea, akatia mahindi, akatia maharagwe katikati. Halafu akatandaza nyasi kavu na majani ya migomba juu yake yote, mtu akipita aone ni takataka zinazongoja kuozeshwa.

Alikuwa anataka wiki moja tu. Atangulie wiki moja, halafu aite, "Haya, nimeanza," na Molly apande. Maharagwe mabichi ya kwanza yatoke kwake. Mahindi ya kuchoma ya kwanza yatoke kwake. Chepkosgei akitafuta cha kijani mlima mzima, apite mlango wa chini aje wa juu.

Akapiga magoti pale pale kwenye tope, akamwambia Mungu kwamba kupanda shamba lako si dhambi. Wala hakuwa amesema uongo. Alisema mgongo umekataa, na sasa mgongo ulikuwa unauma kweli.

Siku zikaenda, na mvua haikukimbia. Ilinyesha kila mchana kwa adabu, asubuhi ikaacha jua lifanye kazi. Katika mashamba ya jirani mistari ilianza kuonekana. Watu walipopita barabarani walipunguza mwendo mbele ya boma la Ogada.

"Kwani huku mwaka huu mnafuga udongo?" Kipkorir wa boda boda aliuliza.

"Tunangoja," Molly akamjibu kutoka chini.

"Mnangoja nani, Yesu?"

"Peleka abiria wako."

Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Molly alitoka, akanawa uso, na kabla ya jambo lingine lolote akainua kichwa kuangalia mlango wa Jerusa. Akiona Jerusa amekaa, anainamisha kichwa, anakwenda kukamua. Jerusa alikuwa anaingoja saa hiyo. Alitoka na stuli mapema ili asiikose.

Mbegu zilizolowekwa zikachipua ndani ya ndoo. Molly alizitoa majini, akazitandaza gizani kwenye gunia, akazingojesha alivyoweza, lakini mbegu ikishaamka hailali tena. Mizizi ikarefuka, ikashikana. Asubuhi moja alibeba ungo mpaka uani akazimwaga zote, na kuku wakaja mbio. Alikuwa na kuku mmoja wa madoadoa, mama wa wengine, mchokozi. Huyo alikula kuliko wote, na zilipoisha akaendelea kupekua pekua akitafuta nyingine.

Jerusa aliona. Kwanza kulikuwa na utamu. Halafu utamu ukaisha upesi kuliko alivyotegemea, akabaki na ungo ule mtupu machoni.

"Kesho," alijiambia. "Kesho nitamwita."

Jumapili, baada ya kanisa, alikuwa kwenye michongoma akiokota kuni ambazo hazikuwepo. Owiti alikuwa anaongea kibarazani, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Mahindi ya wenzetu yanaonekana kutoka barabarani. Kesho unapanda."

"Sipandi," Molly alisema.

"Unaogopa nini? Laana? Leo asubuhi si umeimba pale kwamba uko huru?"

"Mimi siogopi laana. Wewe ndiye mwenye kutaja laana."

"Sasa ni nini?"

Sahani ikawekwa chini.

"Baba Akello, yule mama amebaki na nini hapa? Mume hayuko. Jonah alikwenda Mombasa, hata simu hapigi. Kanisani wamempa ufagio. Hiki kitu cha kuanza ndicho kinamfanya bado awe mke wa mkubwa katika boma hii. Nikimpita mimi, nitakuwa nimemzika anaona."

"Na sisi tutakula nini?"

"Tutakula ya ghalani. Tuliweka ya nini?"

Jerusa aliondoka pale bila kuni. Aliingia ndani akafunga mlango, mchana kweupe. Angeweza kutoka saa hiyo hiyo. Ilikuwa ni kusimama mlangoni tu na kuita yale maneno, na Molly angepanda jioni ile ile, Jumapili au si Jumapili, na nyasi za nyuma ya jikoni zingekaa na siri yake. Alifika hata kushika komeo.

Lakini neno moja lilikuwa limemkwama kooni. Ufagio. Wamempa ufagio! Kana kwamba nyumba ya Mungu ni kazi ya mtu aliyekosa nyingine. Na huruma ile, ni nani aliyemwomba? Mwenye mume anamhurumia asiye na mume, mwenye ghala jipya anamhurumia mwenye ghala la kuinama, na hiyo huruma anaihadithia mume wake wakila. Heri angemtukana. Tusi lina jibu.

"Wacha angoje," alisema kwa sauti, peke yake. "Si ana ya ghalani."

Akaachia komeo.

Asubuhi yake alisikia hodi, akafikiri ni Molly. Alikuwa Chepkosgei. Alikuwa na jembe begani na kibuyu kwapani, na kibuyu kilikuwa kizito.

"Jerusa! Mgongo ni mgonjwa na mimi siambiwi? Nimeambiwa na Molly huko dukani. Nikasema huyu rafiki yangu atakufa na kiburi. Kaa chini. Kunywa hii kwanza, halafu mimi nakupandia, hata kama ni kipande kidogo."

Jerusa alipangusa stuli ile ile. Alitoa vikombe vizuri, vile vya maua. Chepkosgei akatikisa kibuyu, akamimina, na harufu ya moshi na maziwa ikajaa jikoni. Wakakaa. Chepkosgei akaanza habari za waliozaa. Jerusa akanywa, akasikia kifua kinalegea, na kwa mara ya kwanza tangu jua kali hakuwa anafikiria nyumba ya chini. Aliona kumbe ni kitu kidogo. Akimaliza kikombe hiki atatoka aite. Maneno alikuwa nayo tayari mdomoni.

"Kuku gani huyo huko nyuma?" Chepkosgei akauliza.

Kulikuwa na sauti ya kupekua, nyasi zikitupwa. Jerusa akainuka upesi, lakini Chepkosgei alikuwa karibu na mlango wa nyuma. Akatoka akipiga makofi, "Shii! Shii, wewe!" Kisha makofi yakakoma.

Kuku wa madoadoa alikuwa katikati ya kipande. Alikuwa amekwisha kujua utamu wa mahindi yaliyochipua, na pua yake ilimleta mpaka hapo. Mungu anaona, na kuku naye anaona. Alikuwa ametawanya nyasi na majani ya migomba pande zote, na chini yake mistari ilikuwa imesimama, mahindi na maharagwe, membamba, ya kimanjano kwa kukosa jua, lakini yamepangwa sawasawa kama watoto wa shule.

"Jerusa!" Chepkosgei akasema. Uso wake ulifurahi, maana kwao hakukuwa na desturi kama hii, na alichoona yeye ni shamba lililoota tu. "Si umepanda! Tena imeota! Na unanidanganya na mgongo!" Na kabla Jerusa hajapata la kusema, akageukia michongoma akapaza ile sauti yake kubwa. "Molly! Molly wee! Kuja uone, mwenzako amekupita!"

Molly alikuwa tayari njiani, anamfuata kuku wake. Alipita kwenye pengo akisema, "Samahani, mama Jonah, huyu kuku ni..." Akaona.

Chepkosgei alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na furaha ikaanza kumtoka usoni bila yeye kujua ni kwa nini. Molly alichuchumaa. Akagusa mhindi mmoja kwa kidole, akaunyoosha pale kuku alipoulaza, akaukandamizia udongo. Ulikuwa mrefu kama kidole chake.

"Kumbe ulianza," alisema.

"Nilikuwa najaribu tu," Jerusa alisema. "Nilikuwa najaribu mbegu kama ni nzima. Leo ndiyo nilikuwa nakuita. Muulize huyu, nilikuwa nainuka."

Chepkosgei akatazama nyasi zilizotawanyika.

"Mimi nimefurahi," Molly alisema. Sauti yake haikuwa na tusi, na Jerusa alilitafuta. "Kama umeanza, basi na mimi naweza."

Akamshika kuku mabawa, akamweka kwapani, akapita kwenye pengo.

Chepkosgei alibaki amesimama kwenye nyasi. "Alikuwa anakungoja wewe?" aliuliza polepole. "Hii siku zote? Dukani nilimuuliza kwa nini hapandi, akaniambia tu unaumwa mgongo."

Jerusa akainama kuokota majani ya migomba.

"Jerusa. Alikuwa anakungoja?"

"Kunywa maziwa, Chepkosgei."

"Nimekunywa." Akaenda ndani, akatoka na jembe lake. Kibuyu hakukibeba. "Hiyo nimekuletea, ni yako yote," alisema. "Wacha nisaidie huyu, amechelewa." Na yeye akapita kwenye pengo.

Habari zikaenda zilivyokwenda. Kabla ya saa sita wanawake wengine wa kanisa walikuwa wameshuka na majembe yao, maana mtu aliyeachwa na mvua anasaidiwa bila kuulizwa. Jerusa alisikia majembe mengi pamoja, na wimbo ukaanzishwa. Ulianzishwa juu sana, koo la kawaida halifiki. Yeye angeuanza chini kidogo.

Jioni Owiti akaja. Hakuvua kofia. Alikuwa ameshika nyundo ya Okoth, ameipangusa, na mpini ulikuwa umepakwa mafuta.

"Shemeji, nyundo yako. Tumemaliza nayo."

"Si ulisema ghala langu..."

"Nitakuja, Mungu akipenda. Nikipata nafasi." Akaiweka mlangoni, hakumpa mkononi. "Nilikuwa nataka kusema jambo moja. Mwaka ujao mvua ikinyesha kila mtu apande na siku yake. Tusisumbuane. Molly pia ameona hivyo."

"Molly amesema?"

"Amesema."

Akaaga vizuri, kwa heshima yote, akaenda.

Kesho yake Jerusa alitoka na stuli mapema kama alivyozoea. Kibuyu cha Chepkosgei kilikuwa mezani, kimejaa zaidi ya nusu, na hakukuwa na mtu wa kukishiriki naye. Alimimina kikombe kimoja akaja nacho mlangoni. Kule chini mlango ulifunguliwa. Molly akatoka, akanawa uso, akajipangusa na kanga. Jerusa akakaa wima. Aliweka kikombe chini ili mikono yake ionekane.

Molly alichukua jembe lililoegemezwa ukutani. Bado kulikuwa na pembe moja ya shamba isiyopandwa. Akaingia humo, akainama, akapiga shimo la kwanza, akatia, akafukia, akapiga la pili. Baada ya muda akainuka kunyoosha mgongo, na Jerusa akainua shingo kidogo.

Molly aliangalia mawingu. Akayaangalia vizuri, upande wa Kericho na upande wa ziwa, kisha akainama tena kazini.

Jerusa alisimama, akaenda mpaka kwenye michongoma ili aone vizuri. Mistari ya Molly ilikuwa imenyooka kutoka juu mpaka chini. Ilikuwa imenyooka kuliko yake.